Maswali na Majibu: Shanga, Nyuzi na Mikono Midogo

Tuliomba maswali kuhusu kutengeneza mapambo ya mwilini pamoja na watoto wadogo, kwa kufuata kazi za mikono za mataifa mbalimbali. Barua zilizokuja ni nyingi. Tumechagua zinazogusa matatizo ya wengi, na tumejibu kwa vipimo, maana "weka kiasi" na "mpaka itoshe" havimsaidii anayeanza.

Nina mtoto wa miaka miwili na nusu na dada yake wa miaka mitano. Dada anapenda kutunga shanga, na mdogo anataka kila anachoshika dada. Shanga za ukubwa gani zinafaa? Naweza kuwakalisha meza moja?
*Mama wa wawili*

Meza moja inawezekana, mama. Bakuli moja haiwezekani.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu bado anavijua vitu kwa mdomo, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Chukua bomba la ndani la karatasi ya chooni, ambalo upana wake ni kama sentimita 4. Chochote kinachopita ndani yake si cha mtoto huyu. Kipimo rasmi cha Marekani cha vitu vidogo vya watoto ni silinda yenye upana wa milimita 31.7, kwa hiyo bomba lako ni kali kidogo kuliko sheria, na ni vizuri liwe hivyo. Mdogo mpe pete kubwa za mbao za mapazia na kamba nene kama ya viatu. Kazi ni ileile ya kupitisha kamba tunduni, na kwa umri wake pete nne ni kidani kamili.

Wa miaka mitano anaweza shanga za plastiki za upana wa milimita 9 zenye tundu la milimita 4. Zikiwa ndogo kuliko hizo vidole vinachoka, na mtoto anaiacha kazi kabla hajaipenda. Uzi wa sufu ukitumika bila kuandaliwa unasambaratika nchani baada ya kulambwa mara mbili, ndipo kilio kinapoanza. Zungushia selotepu sentimita 3 za mwisho, ukiibana iwe kama ncha ya kamba ya kiatu. Au chovya ncha hiyo kwenye gundi nyeupe na uache usiku kucha ikauke na kukakamaa. Upande wa pili funga ushanga mmoja uwe kizuizi, la sivyo kila anachotunga kitateremkia sakafuni.

Tandika kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya trei yenye kingo, shanga zitulie zisidunde. Mpe shanga kwa hesabu, tuseme 30, na mzihesabu tena mwishoni. Ikikosekana moja, itafute kabla mdogo hajashuka kitini.

Kidani cha mtoto kisifungwe fundo la moja kwa moja. Kata kipande cha mrija cha sentimita 2, funga fundo dogo katika kila ncha ya uzi, kisha sukumia ncha moja kila upande wa mrija ili mafundo yabane ndani. Kikinaswa mahali, kinaachia. Hata hivyo kivuliwe kabla ya kulala na kabla ya kwenda kukwea bembea.

Vitu vitatu visiingie kabisa katika nyumba yenye mtoto mdogo kwa jina la kazi za mikono: sumaku ndogo, kwa sababu mbili zikimezwa hushikana zikiwa zimebana ukuta wa utumbo, betri ndogo bapa zenye umbo la kifungo, ambazo huunguza koo ndani ya muda wa saa mbili, na shanga za jeli zinazovimba majini, kwa kuwa huvimba hivyohivyo tumboni. Mtoto akimeza mojawapo, nenda hospitali wakati huohuo, usisubiri dalili.

Tulitaka kuiga shanga za Ghana kwa unga wa chumvi. Nyingi zimepasuka, na ambazo hazikupasuka tundu limejifunga. Tumekosea wapi?
*Mwalimu wa chekechea*

Tuanze na tundu, Mwalimu, kwa sababu Wakrobo wa Ghana walishalitatua, na utatuzi wao unafaa kuigwa kuliko hata rangi za shanga zao. Wao hutwanga chupa za glasi, wakachekecha unga wake, wakaujaza kwenye vikalibu vya udongo vilivyopakwa kaolini, yaani udongo mweupe laini, ili glasi isigande humo. Katikati ya kila shimo husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Tanurini kikonyo kinaungua na nafasi yake inabaki tundu. Yaani tundu halitobolewi baadaye: linashikiliwa na kitu tangu mwanzo.

Nanyi fanyeni hivyo. Mtoto aviringe kidonge cha sentimita 2, mpitishie kijiti cha mishikaki kilichokatwa ncha kali, na kijiti kibaki humo. Mtoto akitoboa na kuchomoa papo hapo, donge bichi linarudi na kuziba. Tena shanga zikilazwa juu ya trei, uzito wake wenyewe unazibonyeza upande mmoja. Tungeni vidonge sita kwa kila kijiti, visigusane, kisha mlaze vijiti juu ya kingo mbili za trei ili shanga zining'inie hewani. Baada ya saa tatu au nne, zungusheni kila ushanga nusu mzunguko ili usigande kwenye mti. Wengine hukivika kijiti kipande cha mrija ili tundu liwe pana. Njia hiyo ni nzuri kwa kukausha hewani tu, maana mrija ukiingia oveni unayeyuka.

Donge lenyewe ni vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji ya vuguvugu robo tatu ya kikombe, mengine yakiongezwa kijiko kimojakimoja. Unga uliokwisha kuchanganywa na hamira msiutumie, unavimba. Kandeni dakika 10 kamili, mpaka donge likibonyezwa liwe laini kama ndewe ya sikio. Kiasi hiki kinatoa takribani shanga 100.

Kuhusu nyufa, mara nyingi donge lilikuwa na maji mengi au joto lilikuja haraka. Ganda la nje linakauka na kusinyaa wakati kiini bado kimelowa, na kwa kuwa kiini hakikubali kusinyaa nalo, ganda linachanika. Ziacheni kivulini siku moja nzima, kisha oveni ya nyuzi joto 100 kwa saa 2. Pasipo oveni, kivulini siku nne hadi tano. Zisianikwe juani, jua la mchana linafanya kosa lilelile la oveni kali.

Wakrobo huchora kwa kupanga unga wa glasi za rangi mbalimbali tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu. Basi msisubiri kupaka rangi mwishoni. Gawanyeni donge mafungu matatu likiwa bichi, tieni rangi za chakula, halafu mtoto abandike vipande vya rangi mbili au tatu kabla ya kuviringa. Mistari inayotokea inaingia hadi ndani ya ushanga, na hakuna miwili inayofanana.

Mwisho pakeni vanishi mara mbili, mkiwa mmeushika ushanga kwa kijiti na kuuchovya mzima ili hata kuta za tundu zipate. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ushanga usiopakwa utalainika baada ya majuma machache. Na kama kuna mbwa karibu, wekeni donge na shanga mbali naye. Chumvi hiyo inatosha kumuua.

Mjukuu wangu wa miaka minne hana subira ya shanga, ila nyuzi anazipenda. Kuna pambo lisilo na shanga analoweza kulimaliza kwa kikao kimoja?
*Bibi wa wajukuu watano*

Shikamoo bibi. Lipo, na ni zuri sana kwa kazi ya watu wawili, mkubwa na mdogo. Ni martenitsa ya Bulgaria: uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Watu hupeana tarehe 1 Machi na kufungiana mkononi, kisha huvaliwa hadi mvaaji amwone korongo au mbayuwayu wa kwanza, au mti uliochanua. Siku hiyo wengi hulivua na kulifunga kwenye tawi. Romania na Moldova wana pambo lililo ndugu yake, mărțișor, na mwaka 2017 UNESCO iliingiza desturi hizi za Machi Mosi, pamoja na zile za Masedonia Kaskazini, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kata nyuzi tatu nyekundu na tatu nyeupe za sufu, kila moja sentimita 40. Funga fungu jekundu na fungu jeupe ncha kwa ncha, mpate kamba moja ndefu yenye fundo katikati. Wengi hulaza rangi mbili sambamba kisha wakasokota. Kamba inapatikana, lakini rangi zinachanganyika madoadoa. Zikiungwa ncha kwa ncha ndipo inapotokea mistari safi ya nyekundu na nyeupe.

Bibi shika ncha yako kwa nguvu. Upande wa mjukuu funga kitanzi, ingiza penseli, naye aizungushe kama mshale wa saa, huku kamba ikiwa imenyooka kati yenu. Kwa uzi wa unene wa kawaida inahitaji mizunguko 60 hadi 80, lakini ushahidi ni kamba yenyewe: legezeni kidogo, ikijikunja na kufanya kisikio, imetosha. Sasa mtu wa tatu, au kitasa cha mlango, ashike fundo la katikati wakati ninyi wawili mnaleta ncha zenu pamoja bila kulegeza. Zikikutana, bibi zishike zote mbili, na mjukuu aachie kamba kutoka upande wa fundo, sentimita tano tano. Itajisokota yenyewe mbele ya macho yake. Funga ncha, na mnayo kamba ya sentimita 28 hivi, inayotosha mkono wake na mabaki ya kufungia.

Akikuuliza kwa nini haifunguki, mweleze, ataelewa: kila rangi inataka kujisokotoa kurudi ilikotoka, na ikijaribu inajiviringa kwa mwenzake upande wa kinyume. Kila moja inamshikilia mwenzake.

Kamba ikitoka na vinundu, aidha ililegea wakati wa kusokota au iliachiwa yote kwa mkupuo. Ikitoka teketeke isiyojishika, mtoto alibadili upande wa kuzungusha mkono ulipochoka, na mizunguko ya pili ikafuta ya kwanza. Penseli ndiyo inayozuia hilo. Vidole vitupu husahau upande.

Watoto wangu huokota mbegu nzuri za porini na kunitaka niwatobolee. Zote ni salama?
*Baba wa mapacha*

Hapana. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazong'aa kama zimepakwa vanishi, ni za mmea uitwao kitaalamu Abrus precatorius. Sehemu nyingi za dunia hutungwa kuwa vidani, na ndiyo maana watu huziamini. Zina sumu kali sana. Ganda zima huizuia sumu, lakini ukilitoboa umeifungulia njia, na vumbi la kutoboa ni hatari kwako mwenyewe. Mbegu za mbarika zenye madoadoa nazo ziacheni kabisa. Kanuni ya kufuata ni moja: mbegu usiyoijua jina haitobolewi na haitungwi. Wakitaka kuokota, waokote vijiti. Kipande cha kijiti kikavu cha sentimita 3 kilichozungushiwa uzi wa rangi ni pambo zuri la katikati ya kidani.

Nina watoto wa miaka minane na tisa. Tunatunga vidani vipana vya Kimasai kwa waya, lakini havilali bapa mabegani. Vinajikunja kama bakuli, kimoja kimekuwa na mawimbi. Pia, rangi zina maana gani?
*Kiongozi wa klabu ya watoto*

Hii ni hesabu tu, na watoto wa umri huo wanaifurahia wakielezwa. Kila mstari wa nje ni duara kubwa kuliko wa ndani. Kwa shanga za mviringo zinazolingana, kila mstari unaongezeka shanga sita kuliko uliotangulia. Idadi hiyo haitegemei ukubwa wa ushanga wala upana wa shingo. Ukiongeza nne, mstari wa nje unabana na kidani kinainuka kama bakuli. Ukiongeza tisa, nafasi inakosekana na waya unapanda na kushuka. Angalieni tu umbo la shanga zenu: zile fupi na pana kama za plastiki za milimita 9 kwa 6 zinahitaji nyongeza ya tisa au kumi, kwa kuwa zinachukua nafasi ndogo zaidi kwenye waya kuliko upana zinaouongeza.

Mfano kwa shanga za mbao za milimita 8, na uwazi wa shingo wa sentimita 12 ulioachwa pengo la sentimita 4 nyuma: mstari wa kwanza shanga 42, wa pili 48, wa tatu 54, wa nne 60. Jumla 204. Waya wa milimita 0.8, vipande vya sentimita 50, 55, 60 na 65. Pengo la nyuma ni la lazima, duara la sentimita 12 halipiti kichwani.

Kinachoshika mistari pamoja katika kazi halisi ni vipande vyembamba vya ngozi vinavyopitiwa na kila waya. Ninyi kateni vipande vinne vya ngozi au vya plastiki ngumu ya chupa, sentimita 1 kwa 4, mtoboe matundu manne yaliyopishana milimita 8. Kila mtoto anapotunga, apitishe kipande baada ya kila robo ya mstari. Bila vipande hivyo, hata hesabu ikiwa sahihi, mistari itapandana kidani kikivaliwa. Ncha za waya, mtu mzima azikunje kwa koleo ziwe vitanzi, na kuzizungushia selotepu ya kitambaa.

Kuhusu rangi, maelezo yanayotolewa na Wamasai mara nyingi ni haya: nyekundu kwa ushujaa na umoja, nyeupe kwa maziwa na usafi, bluu kwa mbingu iletayo mvua, kijani kwa malisho. Lakini mpangilio nao unasema, na maana inaweza kutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo msiwafundishe watoto kama kamusi. Wafundisheni pia kwamba wanaotunga ni wanawake, na kwamba shanga za glasi walizipata kwa biashara kutoka Ulaya. Kabla ya hapo walitumia mbegu, udongo, mifupa na makombe. Mtoto akijua hilo anaelewa kwamba ufundi umo katika mpangilio, na kwamba mtu anaweza kuchukua kitu kilichotoka mbali akakifanya chake kabisa.

Shuleni tunaandaa siku ya mataifa. Mwenzangu amependekeza watoto watengeneze taji za manyoya za "Wahindi Wekundu". Nafsi yangu inakataa lakini sijui nimweleze vipi.
*Mwalimu wa darasa la pili*

Nafsi yako iko sawa. Mwambie kwamba taji lile si pambo la kuvaa kwa kupenda. Miongoni mwa mataifa ya nyanda za Marekani, kama Walakota, unyoya wa tai hupewa mtu kwa jambo alilolitenda, na taji zima ni la mtu aliyeheshimiwa na watu wake. Kumvika kila mtoto taji la manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi ni kumvika nishani ya vita ambavyo hakuvipigana, tena mbele ya wenye nishani. Jina "Wahindi Wekundu" nalo ni la kupachikwa na wageni. Mikanda ya wampum ya Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya asili ya kaskazini-mashariki mwa Amerika, ni hivyohivyo: shanga nyeupe na zambarau za makombe ya bahari, zilizopangwa kutunza kumbukumbu za mapatano baina ya mataifa. Haigeuzwi bangili.

Swali tunalopendekeza mjiulize ni moja: wenyewe humpa mgeni? Kama ndiyo, mtoto naye anaweza kutengeneza na kutoa. Pambo la heshima ya cheo au la ibada, someni habari zake na mliache kwa wenyewe. Na kila pambo litajwe kwa jina lake na jina la watu wake. "Mkufu wa Kiafrika" haumfundishi mtoto lolote.

Lei ya Hawaii inafaa sana kwa siku yenu, kwa sababu ni zawadi kwa asili yake. Mtoaji humvika mpokeaji, na lei hulala mabegani ikining'inia mbele na nyuma. Kwa kila mtoto kata maua 40 ya karatasi laini, kila moja likiwa tabaka nne za upana wa sentimita 6, na vipande 40 vya mrija vya sentimita 2. Anatunga ua, mrija, ua, mrija, kwa sindano butu ya plastiki, kwenye uzi wa sentimita 100. Mirija ndiyo inayoachwa mara nyingi na wanaotaka kupunguza kazi, kisha maua yote yanateleza na kulundikana kifuani. Tundu la ua mtobolee mapema. Mtoto akilazimisha sindano butu, karatasi laini inachanika hadi ukingoni. Wakimaliza, kila mmoja amvike mwenzake. Asivae aliyoitengeneza mwenyewe.

Kidani chetu cha Misri ya kale cha sahani ya karatasi kimejikunja kikikauka, na tambi za bomba zimebanduka.
*Mama wa binti wa miaka sita*

Gundi nyeupe na rangi vina maji. Upande mmoja wa karatasi ukilowa unatanuka, na ukikauka unasinyaa na kuvuta sahani yote. Paka tabaka moja la rangi nyuma pia, siku hiyohiyo, halafu kabla ya kubandika chochote kilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, kikiwa kati ya karatasi mbili za kuokea. Tambi zinabanduka kwa kuwa zinagusa sahani kwa mstari mwembamba tu. Tandaza ukanda wa gundi wenye unene wa milimita 2 na uzilaze ndani yake, mstari mmoja kwa wakati, kuanzia ukingo wa nje, na usubiri nusu saa kabla ya mstari unaofuata.

Kuhusu rangi, weka bluu-kijani nyingi. Vidani hivi vipana, wesekh, vilijaa shanga za mchanga uliosagwa na kuchomwa pamoja na magadi na shaba, na shaba ndiyo iliyotoa rangi hiyo. Mstari wa nje kabisa mara nyingi ulikuwa wa vipande vyenye umbo la tone au jani. Vilikuwepo pia vya majani na maua halisi: baadhi ya vilivyotumika katika mazishi ya Farao Tutankhamun vimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, vikiwa vimeshonwa juu ya mafunjo. Kwa hiyo binti yako akitaka kubandika majani makavu badala ya tambi, amekaribia Misri kuliko alivyokuwa.

Wanafunzi wangu wa miaka saba wanasuka kwa kadi ya mviringo yenye mipasuko minane. Wengine wanapata kamba nzuri. Wengine nyuzi nne hazisogei kabisa na kamba haitokei. Wote nimewaonyesha njia moja.
*Mwalimu wa sanaa*

Umewaonyesha njia moja, ila wanahesabu kwa njia mbili. Tuieleze kazi yote, kosa litaonekana.

Hii ni njia ya kujifunzia kumihimo, ususi wa kamba wa Japani. Kumi hapa si hesabu. Kwa Kijapani jina lina maana ya kuunganisha nyuzi. Kamba hizi zilifunga vipande vya deraya za samurai, na hadi leo hufunga mshipi wa kimono. Mafundi husukia juu ya kigoda cha mviringo kiitwacho marudai, kila fungu la nyuzi likiwa na uzito wake. Mtoto anatosheka na kadi.

Kadi iwe ngumu, ya upana wa sentimita 10, mipasuko minane ya kina cha sentimita 1, na tundu la kipenyo cha penseli katikati. Nyuzi ni saba, kila moja sentimita 60, zilizofungwa pamoja ncha moja na kuteremshwa tunduni. Kila uzi unakaa katika mpasuko wake. Mmoja unabaki mtupu. Mtoto anaushika mpasuko mtupu ukimwelekea tumboni. Anahesabu nyuzi kwenda kulia: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu anaung'oa na kuuleta kwenye mpasuko mtupu, kisha anazungusha kadi hadi mpasuko mpya mtupu uje tumboni.

Wanaokwama wanahesabu mpasuko mtupu kuwa wa kwanza. Wakifika "tatu" wameshika uzi wa pili. Kwa hatua za mbili mbili katika duara la nane, nafasi tupu inapitia mipasuko minne tu na kurudi ilikoanza. Nyuzi tatu zinahamahama, nne hazitaguswa hata wakisuka mpaka jioni. Kwa hatua za tatu, nafasi tupu inapita kote.

Usiwaambie wahesabu vizuri, kwa sababu wanahesabu vizuri kwa akili yao. Waambie waguse: kidole kiguse uzi, si mpasuko, na wataje namba pale tu kidole kinapohisi uzi. Chora pia mshale juu ya kadi kuonyesha upande wa kulia, kwa kuwa mtoto akirudi kutoka mapumziko nafasi tupu itamwonyesha alipoishia lakini haitamwambia alikuwa anaelekea wapi. Kamba ikiwa imelegea na ina matundu, ning'iniza pini moja ya kuanikia nguo kwenye mkia wake chini ya kadi. Mipasuko ikitanuka na kuachia nyuzi, gundisha kadi mbili pamoja kabla ya kukata nyingine. Na kamba ikifika sentimita 18, funga fundo la kubana juu ya kadi nyuzi zikiwa bado zimo katika mipasuko, ndipo uzitoe. Ukizitoa kwanza, mzunguko wa mwisho unafunguka mkononi mwa mtoto.